Kuvuka kwa miguu hadi Omey bila kukwama

Wiki iliyopita nilimvusha shangazi yangu hadi Omey, kisiwa cha Connemara, magharibi mwa Ireland, ambacho sasa hakikaliwi na hufikika kwa miguu maji yakipwa tu. Akasema niandike, na wengine wafaidike.

Hatua ya 1. Fika Claddaghduff, kaskazini-magharibi mwa Clifden. Vaa buti za mpira.

Hatua ya 2. Jua saa ya maji kupwa. Hapa usiharakishe. Angalia kwanza jedwali la kupwa na kujaa linatumia saa gani. Mengi hutumia GMT (saa ya Greenwich), na kiangazi Ireland iko saa moja mbele: kupwa kwa 11:40 ni 12:40 ya huko, yaani saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Lakini programu nyingi za simu zimeshaiongeza saa hiyo. Ukisahau kuongeza, utasubiri ufukweni tu. Ukiongeza mara mbili, utarudi ukute njia ni bahari.

Mimi niliongeza mara mbili. Tena nilijipa saa mbili baada ya kupwa, kumbe zilikuwa tatu. Mimi na binamu yangu tulikaa kisiwani mpaka saa nne usiku, mkate umekwisha, tunalitazama gari letu ng'ambo. Tangu hapo natumia jedwali la karatasi, lenye saa yake imeandikwa wazi juu ya ukurasa.

Sasa navuka saa moja na nusu kabla ya kupwa, na saa moja baada ya kupwa nimesharudi. Siku za bamvua (maji makubwa, mwezi mpevu au mwandamo) maji hutoka mbali, ila hurudi kwa kasi. Maji mafu, yaani siku maji yanapopwa kidogo tu, hukupa muda mfupi. Upepo mkali wa magharibi ukivuma, ahirisha. Kanieneo ya hewa (mgandamizo wake, kwa kipimo cha hektopaskali) nayo ikishuka hektopaskali 10, bahari hupanda kama sentimita 10.

Hatua ya 3. Fuata nguzo zenye mishale mchangani.

Hatua ya 4. Upande wa kaskazini, bondeni, ndiko kuna Teampall Féichín, magofu ya kanisa. Mtakatifu Féichín, aliyefariki kwa tauni karibu mwaka 665, ndiye anayetajwa kuanzisha monasteri hapa. Kuta unazoziona ni za baadaye, za Enzi za Kati. Mchanga ulilifunika kanisa mpaka lilipofukuliwa mwaka 1981, ndiyo maana unashuka chini ya usawa wa nyasi kuliingia. Shangazi aliweka kiganja ukutani, kikarudi na chembe za mchanga. Usipande kuta, usichukue jiwe.

Hatua ya 5. Kisima cha Féichín kiko magharibi. Watu huacha sarafu na rozari. Saa ya kupwa ikikukuta hujakifikia, kiache, geuka.