Kenchi za paini: ziezeke zidumu

Mteja akitaka kenchi za mninga huwa namuuliza, za nini? Dari itazificha. Mninga wa msitu wa asili huchukua miongo mingi kukomaa. Paini ya Sao Hill, kule Mufindi, hupandwa, huvunwa, hupandwa tena. Mninga wekea mlango, wageni wauone.

Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta hewani. Zikidumu darini, kaboni inabaki humo. Zikiliwa na mchwa, inarudi hewani, nawe unakata miti mingine. Kwa hiyo nunua mbao kavu zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani. Kila unapokata, pale palipokatwa pake dawa upya kabla ya kupigilia, maana dawa mara nyingi haifiki kwenye kiini. Mafundi wengi huruka hatua hii. Simama hapo hapo uone.

Acha matundu ya hewa darini. Muuzaji akupe risiti na akuonyeshe kibali cha kusafirisha mazao ya misitu.

Vipande vilivyobaki visiende jikoni: dawa ya kijani aghalabu ina arseniki, na moshi wake ni sumu.