Nyanya zikigeuka buluu kwenye OpenCV

Ukisoma picha ya nyanya kwa cv2.imread ya OpenCV (maktaba ya Python ya kuchakata picha) halafu ukaionyesha kwa Matplotlib (maktaba ya kuchora grafu na kuonyesha picha), nyanya zinatoka za buluu. Faili ni zima. OpenCV hupanga rangi kwa BGR, yaani buluu, kijani, nyekundu, wakati Matplotlib na Pillow, maktaba nyingine ya picha, wanategemea RGB, yaani nyekundu, kijani, buluu. Mstari mmoja unatosha:

img = cv2.cvtColor(img, cv2.COLOR_BGR2RGB)

Kabla ya kuihifadhi tena kwa cv2.imwrite, irudishe BGR, la sivyo nyanya zitageuka upya.

Mstari huohuo ukigoma na kutoa ujumbe wa kosa wenye !_src.empty(), usihangaike na rangi: picha haikusomwa kabisa. Njia ya faili ikikosewa, imread haisimamishi programu kwa kosa, inakurudishia None tu (yaani hakuna kitu). (Tabia mbaya, kwa maoni yangu.) Kwa hiyo kagua if img is None mara tu baada ya kusoma.

Ikilalamikia CV_64F, safu yako (namba zinazounda picha) ni ya float64, yaani desimali za biti 64, ambayo cvtColor haiipokei. Hutokea sana ukishagawanya picha kwa 255. Tumia img.astype(np.float32), ambapo np ni maktaba ya NumPy. Ukikimbilia uint8 (namba nzima za 0 hadi 255) wakati thamani ziko kati ya 0 na 1, utapata picha nyeusi tii. Zidisha kwa 255 kwanza.

Ikilalamikia idadi ya chaneli (tabaka za rangi), chapisha img.shape, yaani vipimo vya picha. Namba mbili tu maana yake picha ni ya kijivu, tumia COLOR_GRAY2RGB. Ya tatu ikiwa 4, hata kama haikulalamika, kuna chaneli ya uwazi, kama PNG iliyosomwa kwa IMREAD_UNCHANGED: hapo ni COLOR_BGRA2RGB.