Kumtambua trilobiti wa Kambria kwa viungo vyake

Trilobiti, mnyama wa kale wa baharini mwenye gamba ambaye leo tunamwona kama kisukuku, akiletwa mezani kwangu hapa Kisumu, swali huwa lilelile: huyu anaitwa nani? Jina litakuja. Kwanza tuusome mwili, kwa sababu rangi na ukubwa, ambavyo jicho hukimbilia, havitusaidii kumpanga.

Uliza pia ametoka wapi. Mawe ya kale ya Nyanza yana zaidi ya miaka bilioni 2, kabla wanyama hawajakuwapo. Visukuku vya Rusinga, Songhor na Fort Ternan navyo ni vya Miosini, miaka milioni 14 hadi 20 hivi. Trilobiti walianza kuonekana miaka milioni 521 iliyopita na wa mwisho wakatoweka yapata milioni 252 iliyopita. Kwa hiyo wako amesafirishwa, mara nyingi kutoka Marekani au Moroko. (Ukikuta kisukuku cha kwetu ardhini, usikibandue. Sheria ya makumbusho ya 2006 inakilinda. Peleka taarifa Makumbusho ya Kisumu.)

Hatua ya 1: Mwanga. Tafuta lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 na brashi laini, kavu. Usimtazame juani saa sita mchana: jua likiwa utosini, mifereji yote hupotea. Mweke dirishani saa moja asubuhi, au laza tochi ya simu juu ya meza ili mwanga umpige ubavuni.

Hatua ya 2: Mifereji miwili. Itafute ikishuka kutoka kichwani hadi mkiani. Inaugawa mwili kwa upana: mhimili ulioinuka katikati, na mbavu upande huu na huu. Isipokuwapo, weka lenzi chini; huyo si trilobiti, au amesagika mno.

Hatua ya 3: Hesabu pingili za kifua. Kifua kimeungwa kwa pingili kama muwa, na kilikuwa kinakunjika kwenye maungio yake. Anza nyuma ya kichwa, gusa kila pete ya mhimili kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha rudia kwa kuhesabu mbavu za upande mmoja. Hesabu zikipishana, rudia. Mkia usiuhesabu: pete zake zimegandamana kuwa bamba moja. Kumbuka pia kwamba mtoto ana pingili chache kuliko mzazi, maana ziliachia kutoka kwenye mkia moja baada ya nyingine alivyokua.

Ukipata pingili 2 tu, kichwa na mkia vinalingana na macho hayapo, una agnostidi, viumbe vya milimita chache. Wataalamu bado wanabishana kama ni trilobiti halisi, nami huwaweka kwenye kisanduku chao.

Hatua ya 4: Kichwa. Hapa usiwe na haraka, kwani ndipo penye ushahidi mwingi. Uvimbe wa katikati ni glabela: je, unapungua upana kuelekea mbele, au unatanuka? Unagusa ukingo wa mbele, au umeacha uwanja? Kisha fuata mshono mwembamba unaopita kando ya jicho. Mnyama alipojivua gamba, kichwa kilipasuka hapo na mashavu ya pembeni yakadondoka. Ndiyo maana vielelezo vingi vina kichwa chembamba kuliko inavyotarajiwa: ni magamba yaliyovuliwa.

Olenellus, trilobiti wa mwanzo wa Kambria (kipindi cha miaka milioni 539 hadi 485 hivi iliyopita), hana mshono huo juu ya kichwa. Macho yake ni marefu, yamepinda kama mwezi mchanga, na pingili yake ya tatu imepanuka kuliko jirani zake.

Hatua ya 5: Mkia. Ulinganishe na kichwa: ni mdogo zaidi, au unakaribia kulingana? Kingo ni laini au zina miiba?

Sasa unganisha. Pingili 13, glabela inayopungua kuelekea mbele na kuacha uwanja, mshono unaoishia nyuma ya kichwa, miiba mifupi kwenye pembe za mashavu, mkia mdogo wenye kingo laini: huyo ni Elrathia kingii wa Utah, wa miaka milioni 505 hivi. Mpangilio wake, kuanzia kundi kubwa hadi dogo, ni faila Arthropoda, ngeli Trilobita, oda Ptychopariida, jenasi Elrathia.

Hatua ya 6: Je, ni halisi? Viputo vya hewa vikionekana chini ya lenzi, umeshika resini iliyomiminwa kwenye kalibu. Pitisha pamba yenye asetoni pembeni. Rangi ikitoka, kuna sehemu imepakwa, ingawa huenda mwili wenyewe ni wa kweli. Zaidi ya yote, angalia kama mbavu za kushoto zinakutana na pete zilezile zinazokutana na za kulia. Wachongaji wengi huteleza hapo.

Mwisho andika lebo: mahali alikotoka, idadi ya pingili, sifa za kichwa na mkia, ndipo jina. Kichwa kikiwa kimekosekana, andika «Trilobita» na idadi ya pingili ulizoziona, kisha nafasi ya jenasi iache wazi.