Jaribu mwenyewe: chaji zinavyotembea kwenye maji na kwenye shira

Kila nikifika kwenye mnato (yaani uzito wa kimiminika kutiririka) na vijana wangu wa tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, naona fomula wanaikariri vizuri tu ila hawaioni, na mimi nataka waione, ndo maana siku hizi tunaanza na sahani mezani.

Tafuta betri 3 za volti 9, zile zenye vifungo juu, zinabanana chanya kwa hasi unapata volti 27, zinatosha. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa, hapa kuna maji. Pasua penseli 2 utoe risasi zake, hizo ndo elektrodi, yaani ncha za kupitishia umeme. Koroga kijiko kidogo cha soda ya kupikia kwenye nusu lita ya maji (sio chumvi, chumvi ikipitishwa umeme inatoa klorini). Halafu pima gramu 60 za hayo maji, yeyusha humo gramu 40 za sukari, upate shira yenye mnato kama mara 6 ya maji.

Kata vipande 2 vya karatasi ya chujio, kimoja loweka kwenye maji ya soda, kingine kwenye shira, vilaze sambamba kwenye sahani visigusane. Risasi moja ilaze juu ya ncha za upande huu, nyingine upande wa pili, ziunganishe kwa waya na betri, moja kwenye chanya nyingine kwenye hasi, kisha katikati ya kila karatasi weka tone dogo sana la rangi ya chakula ya bluu. Funika na nailoni, joto letu linakausha haraka. Subiri nusu saa mpaka saa nzima.

Bluu itakimbilia upande wa chanya, maana chembe zake zina chaji hasi, lakini kwenye shira itakuwa imesogea kidogo tu. Hapo ndo penyewe! Mvuto wa umeme ni ule ule kwenye karatasi zote mbili, kinachotofautiana ni ukinzani, ambao mwanafizikia Stokes aliuandika mwaka 1851: 6 × π × mnato × nusu kipenyo cha chembe × mwendo wake. Ni kama kutembea kwenye tope la mikoko maji yakitoka, nguvu za miguu unazo zile zile ila huendi, na chembe nayo haizidi kuongeza kasi, mvuto na ukinzani vinalingana karibu papo hapo ikabaki na mwendo mmoja. Fanya zote mbili kwa wakati mmoja tafadhali, mnato wa maji ya nyuzi 30 ni mdogo kwa karibu asilimia 20 kuliko wa nyuzi 20, ukipima moja mchana nyingine usiku umejidanganya.

Mtu akikushauri utumie permanganeti ya potasi na glisirini, kataa, zikikutana zinawaka moto.

Sasa chaji zenyewe kwa zenyewe. Koroga udongo wa mfinyanzi kwenye glasi 3 za maji. Chembe zake zina chaji hasi, zinasukumana, ndo maana maji yanakaa na tope muda mrefu. Glasi ya kwanza iache ilivyo. Ya pili tia chumvi kijiko kizima: ioni za sodiamu (chembe ndogo mno zenye chaji chanya) zinazizunguka chembe za udongo, msukumano unafifia, zinagandana na kuzama, na hilo ndo linalotokea pia Mto Pangani ukikutana na bahari. Ya tatu tia shabu punje chache tu, koroga, linganisha. Ioni ya aluminiamu ina chaji 3 wakati ya sodiamu ina 1, ndo maana shabu kidogo inafanya kazi ya chumvi nyingi.