Kujiandaa kwa UTMB: Miguu ya Kushuka na Tumbo la Kula Njiani

Mbio za Ultra-Trail du Mont-Blanc, maarufu kwa kifupi UTMB, zimekuwa zikikimbiwa tangu 2003 mwishoni mwa Agosti, zikianzia na kuishia mjini Chamonix, Ufaransa, baada ya kuzunguka safu ya milima ya Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi. Urefu wake ni takriban kilomita 170, jumla ya kupanda ni kama mita 10,000 na kushuka ni kiasi hichohicho, na muda wa mwisho wa kumaliza ni saa 46 na nusu. Mwaka 2023 Mmarekani Jim Walmsley alishinda kwa saa 19 na dakika 37, lakini mkimbiaji wa kawaida ajiandae kukesha usiku mbili. Kwa aliyezoea lami za Afrika Mashariki, kasi ya marathoni ina faida ndogo huku. Wengi huangushwa na mapaja yaliyokufa na tumbo lililokataa chakula.

Nafasi hupatikana kwa bahati nasibu, na ili kuingia humo ni lazima kwanza umalize mbio za mfululizo wa UTMB zinazotoa pointi ziitwazo Running Stones. Kwa Afrika, zipo zinazofanyika George, Afrika Kusini. Viza ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu, nayo iombwe mapema.

Katika mazoezi, kushuka ndiko kunakopuuzwa zaidi, ilhali ndiko kunakoharibu miguu. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikirefuka, na nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Habari njema ni kwamba misuli iliyoumia hivyo mara moja hujijenga na kuumia kidogo zaidi mara inayofuata. Kwa hiyo tafuta mteremko mrefu, iwe vilima vya Ngong, Uluguru au Lushoto, ushuke kwa hatua fupi za harakaharaka, magoti yakiwa yamelegea, kiwiliwili kikielekea mbele kidogo badala ya kuegemea nyuma, na macho yakitazama hatua tatu au nne mbele ya mguu. Kwenye mwinuko mkali tembea, tena ujifunze kutembea kwa nguvu ukitumia fimbo za milimani, kwa sababu hata walio hodari hutembea sehemu nyingi za UTMB. Mara kwa mara fanya safari ndefu Jumamosi na nyingine Jumapili, ili mwili uzoee kuanza ukiwa umechoka, kisha punguza mazoezi wiki mbili au tatu za mwisho.

Tumbo nalo hufundishwa. Lenga takriban gramu 60 za wanga kwa saa, ukikumbuka kwamba ndizi moja ya kawaida ina kama gramu 25, na ujaribu mazoezini kila utakachokula mbioni: tende, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, supu. Kunywa kwa kufuata kiu. Maji yakizidi hupunguza kiwango cha chumvi kwenye damu, na dalili zake, yaani vidole kuvimba, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hudhaniwa kirahisi kuwa ni upungufu wa maji, hivyo mgonjwa akaongezewa maji na kuzidiwa. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni usiziguse, kwa kuwa figo tayari zimeelemewa.

Vifaa vya lazima hukaguliwa: taa mbili za kichwani, koti lisilopitisha maji lenye kofia, blanketi la dharura, filimbi, nguo ya joto, glavu, na kikombe chako mwenyewe. Usione koti kuwa mzigo. Grand Col Ferret, njia ya juu mlimani mpakani mwa Italia na Uswisi, iko mita 2,537 juu ya usawa wa bahari, na theluji inaweza kuanguka hata Agosti.

Siku yenyewe, kilomita nane za mwanzo hadi Les Houches ni tambarare kiasi na umati hukimbia kwa pupa, waache wakupite. Courmayeur, mji wa Italia ulio takriban kilomita 80 kutoka mwanzo, utakuta begi lako ulilotanguliza: vua viatu, kausha miguu, paka mafuta ya mgando palipoanza kuwaka kabla malengelenge hayajatoka, badili soksi, ule ukiwa umekaa. Usiku wa pili ukianza kuona watu au wanyama wasiokuwepo, lala dakika 20 kituoni, usilale njiani kwenye baridi. Ukiamua kujitoa, fanya hivyo kituoni na uwaarifu wahudumu, wasije wakakutafuta mlimani. Na ukiwa bado una nguvu kwenye kituo cha Vallorcine, karibu na mwisho, zitunze, kwani kuna mwinuko mmoja mkubwa kwenda La Flégère, kisha mteremko mrefu wenye mizizi na mawe hadi Chamonix.