Kabla ya kulipia darasa la dansi

Mzazi wa Kisumu unayemtafutia mtoto darasa la dansi likizo hii, usikimbilie kutuma pesa kwa M-Pesa kwa sababu ya video tamu. Nenda kwanza ukaone sakafu. Kumbi nyingi za kukodi ni saruji tupu yenye vigae juu, na mtoto akirukaruka hapo kila wiki, miundi na magoti ndiyo yataumia. Piga mguu chini: sakafu ya mbao iliyoinuliwa hunesa kidogo, saruji hainesi kamwe. Kama ni saruji, mwalimu apunguze kuruka, na watoto wavae viatu vyenye soli laini.

Kisha keti utazame kipindi kizima. Watoto wapashe misuli moto kwanza, na mwalimu asimkandamize mtoto mabega kwa nguvu ili apige msamba. Kwa wale wa bale (dansi ya ballet), viatu vya kusimamia ncha za vidole si vya mtoto wa miaka 7. Kwa kawaida husubiri hadi 11 au 12 hivi, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi. Anayekuahidi mapema, mwogope.

Uliza pia bei ya mavazi ya onyesho. Ada ya mwezi hutajwa waziwazi. Gauni na nauli ya kwenda ukumbini husikika wiki ya mwisho, mfuko ukiwa tayari umetoboka. Na wakikwambia wazazi hawaruhusiwi kuchungulia ndani hata siku moja, mshike mtoto mkono mwende zenu.