Kuharakisha ujenzi wa kituo cha data Lubumbashi: vigezo kwanza, michoro baadaye

Mchoro wa kituo cha data hujirudia sana: raki (makabati ya seva) zinazofanana, nyaya mbili kwa kila raki, vigae vya sakafu vya sentimita 60 kwa 60 ukumbi mzima. Kazi ya namna hiyo haifai kuchorwa kwa mkono mara tano kwa sababu tu mteja amebadili kilowati. Hata hivyo, anayedhani faida kubwa ni kuchora haraka bado hajaona miezi inapopotelea. Mitambo mizito hufika Lubumbashi kwa barabara kutoka bandari za mbali kama Dar es Salaam au Durban, ikapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mvua nayo, tangu Novemba hadi Aprili hivi, hugeuza mitaro ya msingi kuwa madimbwi. Skripti, yaani programu fupi inayohesabu na kuchora kutokana na vigezo, inalipa ikikupa ukubwa wa transfoma, jenereta na UPS (mtambo wa betri unaoshika mzigo umeme ukikatika) katika wiki ya kwanza, ili oda itoke mapema na zege limwagwe kiangazi.

Mfano wa kufuata hapa ni ukumbi wa raki 40, kila moja kW 6, jumla kW 240. Unaweza kutumia programu ya michoro Revit na Dynamo yake ya kuandikia skripti, au Rhino na Grasshopper. Njia ni ileile.

Jedwali moja, si mawili

Anza na jedwali moja la vigezo: idadi ya raki, kW kwa raki, vipimo vya raki (mm 600 kwa 1,200, kimo cha U 42, yaani nafasi 42 za vifaa), upana wa njia, tofauti ya joto la hewa inayoingia na inayotoka, saa za mafuta, na mwinuko wa mahali. Namba yoyote isiandikwe ndani ya skripti. Ukiificha humo, baada ya miezi miwili hakuna atakayejua kwa nini njia ina mita 1.2.

Mwinuko ndio kigezo kinachosahauliwa zaidi, hasa mkiazima skripti ya watu wa pwani. Lubumbashi iko juu kidogo ya mita 1,200. Kwa mita 1,230 shinikizo la hewa ni kama kPa 87, na hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko usawa wa bahari. Kuondoa joto la kW 1 kwa tofauti ya nyuzi 12 kunahitaji mita za ujazo 249 kwa saa pwani, lakini 287 hapa. Kwa ukumbi mzima unatoka 59,760 hadi 68,880. Feni zilizochaguliwa kwa namba ya kwanza zitazunguka kwa nguvu zote na bado raki za juu zitachemka.

Kuna mtego mwingine wa hapa kwetu. Kompyuta nyingi zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo Excel huandika 7,5 kwa koma na kutenganisha safu za CSV kwa nukta-mkato. Skripti inayotegemea nukta itasoma 7,5 kama maandishi, au mbaya zaidi, itafuta koma na kupata 75. Taja alama zote mbili waziwazi kwenye mstari unaosoma faili, kisha weka kizuizi: raki moja ikizidi kW 30, kila kitu kisimame na kulalamika.

Hesabu za umeme kabla ya mstari wowote wa mchoro

Andika kanuni kwa mpangilio huu. Mzigo wa seva ni kW 240. Zidisha kwa 1.5 kwa ajili ya upoozaji, taa na upotevu: kW 360. Ongeza kuchaji betri za UPS, asilimia 10 ya ukubwa wake wa kW 250, unapata kW 385. Ukigawanya kwa kipengele cha nguvu (power factor) 0.9, ni kVA 428, kipimo kinachotumika kwa transfoma. Transfoma ya kVA 400 haitoshi. Ukubwa wa kawaida unaofuata ni 500, au 630 kwa orodha zisizo na 500.

UPS ni mbili, upande A na upande B, kila moja iweze kubeba mzigo wote. Vifaa vingi vya umeme hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na watengenezaji wengi wa UPS hupunguza kama asilimia 5 kwenye mita 1,500. Kwa hiyo UPS ya kW 250 hapa ni kama kW 244. Inapita, lakini imebana. Kumbuka namba hiyo.

Jenereta, au grupu kama mafundi wanavyoiita, zinahitaji uangalifu zaidi. Ya kVA 500, kwa kipengele cha nguvu 0.8, hutoa kW 400. Jedwali la mtengenezaji likikata asilimia 4 tu kwa mwinuko na joto, zinabaki 384, na mzigo ni 385. Imekosa kwa kilowati moja, basi imekosa: skripti ichague ukubwa unaofuata bila kukuuliza. Chukua mbili, moja ikibeba yote wakati nyingine iko matengenezoni. Usitumie asilimia ya kubahatisha. Omba jedwali la injini hiyohiyo.

Mafuta: lita 0.27 kwa kila kWh ni makadirio mazuri, yaani lita 97 kwa saa kwa kW 360. Saa 48 ni lita 4,666. Ukiishia hapo utanunua tangi la lita 5,000 na kujuta, kwa kuwa sehemu ya chini hainyonyeki. Gawanya kwa 0.9: lita 5,184. Kwa mji ambao umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaweza kukatika muda mrefu, hesabu hii si ya kubania.

Kupanga raki

Vipimo vyote viwe vizidishio vya mm 600 ili raki zikae sawa na vigae. Mistari minne ya raki 10, njia tano za mita 1.2, kina ni 9 × 1.2 = mita 10.8, yaani vigae 18. Urefu ni mita 6 za raki na mita 1.8 kila mwisho: mita 9.6, vigae 16. Njia za baridi (mbele ya raki) na za joto (nyuma yake) zipokezane. Mstari wa pili ugeuzwe nyuzi 180 kuutazama wa kwanza.

Hapa Revit ina kiburi chake. Ndani hutunza urefu kwa futi, hata skrini ikionyesha milimita. Nodi za kawaida za Dynamo hukubadilishia, ila Python inayoita API (amri za ndani za Revit) moja kwa moja haifanyi hivyo. Ukiandika 600, raki ya pili inakwenda kukaa mita 183 mbali. Gawanya milimita kwa 304.8. Angalia pia kitovu cha umbo la raki: kikiwa katikati badala ya kwenye kona, mstari mzima unasogea mm 300 na vigae vyote vinakatwa.

Mara baada ya kupanga, skripti ikague hewa baridi inayopanda kutoka chini ya sakafu kupitia vigae vyenye matundu. Njia moja ya baridi inalisha raki 20, kW 120, mita za ujazo 34,440 kwa saa kupitia vigae 20: 1,722 kila kimoja. Kigae chenye matundu ya asilimia 25 kwa kawaida hupitisha 800 hadi 1,000. Jibu ni vigae vya wavu vyenye uwazi mkubwa, au kuachana na sakafu na kupooza kutoka pembeni mwa raki.

Nyaya na migongano

Raki 40, nyaya mbili kila moja, ni nyaya 80. Kwa fezi moja, kW 6 ni ampea 26.1, na saketi ya ampea 32 ikitumika kwa asilimia 80 inaruhusu 25.6. Skripti ikatae na kwenda fezi tatu za ampea 16, ambako mzigo ni ampea 8.7. Kila upande upimwe kama unabeba raki nzima, maana upande wa pili ukizimika ndivyo itakavyokuwa.

Urefu usipimwe kwa mstari wa mshazari. Pointi zilizoachana mita 9 na mita 6 ziko mita 10.8 kwa mshazari, lakini waya hufuata treyi (ngazi ya kubebea nyaya): mita 15. Ongeza mita 1 ya kupanda na 1 ya kushuka, kisha asilimia 10: mita 18.7. Kwa nyaya 80, kosa hilo ni mamia ya mita ambazo hutazipata kirahisi mjini siku ya kuzivuta.

Kagua migongano ya mabomba, treyi na mitambo kwa nafasi, si kwa kugusana pekee: mm 300 juu ya treyi ili mkono uingie, mita 1 mbele ya kabati la umeme. Mara ya kwanza orodha itakuwa ndefu ya kukatisha tamaa. Mingi ni bomba moja linalovuka treyi ileile mara kumi. Ipange kwa jozi za mifumo.

Ongeza ukaguzi wa mlango wa kontena. Mkusanyiko wa vifaa uliounganishwa kiwandani lazima upite upana wa mita 2.34 na urefu wa mita 2.28, au 2.58 kwa kontena refu. Majina kwenye michoro yatoke kwa Kifaransa, ndiyo lugha ya karatasi shantieni.

Baada ya oda kutoka

Funga vigezo vya mitambo iliyokwisha kulipiwa. Skripti isome bila kuruhusu mtu kuvigeuza, na kila toleo lihifadhiwe na tarehe. Mteja akija kuomba kW 8 kwa raki, endesha upya. UPS ina kW 244, zinazotumika ni 240: raki mbili tu zinaweza kupanda, nyingine zibaki na 6.